Embakasi: Eneo bunge lililozidiwa na watu wake

Kwa muda wa miaka 38, wakazi wa upande wa mashariki wa jiji la Nairobi walimchagua mbunge mmoja tu kupitia eneo bunge lililoitwa Embakasi. Jina hilo lilitumika tangu uchaguzi mkuu wa 1974 hadi bunge la kumi lilipomaliza muda wake, na likafutwa katika uchaguzi wa Machi 4, 2013, pale eneo hilo lilipogawanywa mara tano. Hii leo hakuna mtu anayeitwa mbunge wa Embakasi, ingawa wapo wabunge watano ambao vyeo vyao hubeba neno hilo.

Historia ya eneo hilo ni historia ya mji uliokua kwa kasi ndani ya mipaka iliyokataa kukua. Katika sensa ya 2009, watu 925,775 walihesabiwa Embakasi. Sensa hiyo hiyo ilihesabu watu 18,841 katika eneo bunge la Lamu Mashariki. Kila mojawapo lilikuwa na mbunge mmoja, kiti kimoja na kura moja bungeni. Kwa hesabu ya kawaida, mkazi mmoja wa Lamu Mashariki alikuwa na uzito wa wakazi 49 wa Embakasi.

Nairobi ilipopata uhuru pamoja na taifa mnamo 1963, mipaka yake ilipanuliwa sana hadi kufikia takriban kilomita 690 za mraba. Sehemu kubwa ya ardhi iliyoongezwa ilikuwa upande wa mashariki, ambako kulikuwa na mashamba ya mifugo, machimbo ya mawe na mbuga zilizoelekea Mto Athi. Jengo la fahari huko lilikuwa uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka wa 1958. Katika ujenzi wake, serikali ya kikoloni iliwatumikisha wafungwa na mahabusu wa vita vya Mau Mau. Uwanja huo ndio uliokuja kupewa jina la Mzee Jomo Kenyatta baada ya kifo chake mwezi Agosti 1978.

Wabunge wa kwanza baada ya uhuru walikuwa 117 katika Baraza la Wawakilishi, nao maseneta 41 wakaketi katika baraza la juu. Mabaraza hayo yalipounganishwa mwishoni mwa 1966, maeneo bunge yaliongezwa hadi 158 ili maseneta wapate pa kuingia. Majina ya maeneo ya Nairobi yalibadilika-badilika miaka hiyo kiasi cha kumkanganya msomaji wa kumbukumbu. Mwai Kibaki, kwa mfano, alichaguliwa 1963 kuwa mbunge wa Doonholm, eneo ambalo baadaye liliitwa Bahati na hatimaye Makadara. Alinusurika chupuchupu hapo mwaka wa 1969 aliposhindana na Bi Jael Mbogo, na kufikia 1974 alikuwa amehamia Othaya, Nyeri. Mathare nayo ilikuja kuitwa Kasarani, na Parklands ikawa Westlands. Embakasi pia ilikuwa na majina mengine, yaliyofuata dira ya kusini-mashariki na mashariki ya Nairobi, kabla ya jina hilo kukubalika rasmi 1974.

Uchaguzi huo wa 1974 ulifanywa Nairobi ikiwa na maeneo bunge manane: Bahati, Dagoretti, Embakasi, Kamukunji, Lang'ata, Mathare, Parklands na Starehe. Msomaji na aikumbuke idadi hiyo ya manane, kwani haikubadilika tena hadi 2013.

Katika muongo huo huo, Embakasi ilianza kujaa watu. Serikali na baraza la jiji, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, zilianzisha mradi wa Dandora uliolenga kutoa viwanja 6,000 vilivyowekewa maji, choo na barabara, kisha mwenye kiwanja ajijengee vyumba mwenyewe. Mtaa wa Umoja ulijengwa kwa msaada wa Marekani kwa ajili ya wafanyakazi wenye mishahara ya wastani. Baadaye zikafuata Kayole na Komarock. Mpango wa Dandora ulikusudiwa kuwa nyumba ya familia moja moja. Hata hivyo, wenye viwanja wengi walitambua mapema kwamba chumba cha kukodisha kina faida kuliko chumba cha kulala, na baada ya miaka michache vyumba sita au zaidi vilibanwa mahali palipopimwa kwa ajili ya familia moja. Miaka ilivyosonga, ghorofa zikachukua mahali pa vyumba hivyo.

Kando ya mitaa hiyo iliyopimwa palizuka ile isiyopimwa. Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben ilienea karibu na viwanda na kandokando ya njia ya reli, ikiwa makazi ya vibarua waliotaka kutembea kwa miguu kwenda kazini. Dandora nayo ikapewa jalala la taka za jiji zima. Jalala hilo lilianza kutumika miaka ya 1970, na mnamo 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Taka ziliendelea kumwagwa humo miaka mingi baada ya tangazo hilo, na moshi wake umevutwa na vizazi viwili vya watoto wa shule.

Takwimu za sensa zaeleza yaliyobaki. Nairobi ilikuwa na watu 509,286 mwaka wa 1969, na 827,775 mwaka wa 1979. Mwaka wa 1989 ilifikia 1,324,570, na 1999 ikawa 2,143,254. Embakasi peke yake ilikuwa na watu 434,884 mwaka huo wa 1999. Miaka kumi baadaye idadi hiyo ilikuwa imezidi maradufu. Yaani eneo bunge moja la mwaka wa 2009 lilikuwa na watu wengi kuliko Nairobi yote ya 1979, iliyowakilishwa na wabunge wanane.

Yafaa kuuliza ni kwa nini mipaka haikubadilishwa. Sheria haikukosa. Katiba ya zamani, katika kifungu cha 42, iliagiza kwamba maeneo bunge yawe na idadi ya wakazi inayokaribiana kadiri iwezekanavyo, na kwamba mipaka itazamwe upya kila baada ya miaka minane hadi kumi. Lakini kifungu hicho kiliruhusu pia tume kupotoka kutoka kwa usawa huo kwa kuzingatia msongamano wa watu, hali ya usafiri, sura ya nchi na maslahi ya jamii. Mlango huo wa pili ulikuwa mpana, na wengi walipitia humo.

Maeneo bunge yaliongezwa kutoka 158 hadi 188 kabla ya uchaguzi wa 1988, na kutoka 188 hadi 210 mwaka wa 1996. Viti 52 vipya vilipatikana nchini katika awamu hizo mbili, na Nairobi haikupata hata kimoja. Awamu ya 1996 ina maelezo ya kisiasa yasiyohitaji darubini. Katika uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, chama tawala cha Kanu kilipata kiti kimoja tu kati ya vinane vya Nairobi, nacho ni Westlands. Ford-Asili kilinyakua sita na Ford-Kenya kikapata Lang'ata. Serikali haikuwa na sababu ya kuwaongezea viti wapinzani wake.

Haki yataka isemwe kwamba hoja ya umbali haikuwa uongo mtupu. Mbunge wa Lamu Mashariki husafiri kwa mashua kati ya Faza, Kizingitini na Kiunga, na wenzake wa kaskazini huendesha gari kutwa nzima bila kuvuka eneo lao. Embakasi ilikuwa na ukubwa wa kilomita 208 za mraba, na matatu iliweza kuivuka kwa muda mfupi kama barabara haikuwa na msongamano. Lakini kumfikia mbunge si suala la kilomita peke yake. Mbunge mwenye watu 900,000, akiamua kumsikiliza kila mmoja wao kwa dakika moja, saa nane kwa siku bila kupumzika Jumapili, hangewamaliza katika kipindi chake chote cha miaka mitano.

Siasa za Embakasi zilikuwa kali tangu enzi ya chama kimoja. Miongoni mwa wabunge wake wa wakati huo alikuwa Godfrey Muhuri Muchiri. Mwaka wa 1988, katika uchaguzi unaokumbukwa kwa kura za mlolongo, kiti kilimwendea David Mwenje. Chini ya utaratibu ule wapiga kura walipanga foleni nyuma ya picha au ajenti wa mgombea wao, na aliyepata asilimia 70 au zaidi ya foleni alihesabiwa kuwa amechaguliwa bila kupingwa. Ulipoingia mfumo wa vyama vingi 1992, Embakasi ilimpa kiti Henry Ruhiu wa Ford-Asili. Mwenje alirejea 1997 kwa tikiti ya DP, na akakihifadhi kiti mwaka wa 2002 wimbi la Narc lilipozoa viti vyote vinane vya jiji.

Kipindi hicho cha Narc ndicho kilichogeuza hesabu za mipaka kuwa hesabu za fedha. Mwaka wa 2003 bunge lilipitisha sheria ya kuunda Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge, CDF, iliyotengewa angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Robo tatu ya fedha hizo iligawanywa sawasawa kwa maeneo bunge yote 210. Robo iliyosalia ilitolewa kwa kuzingatia viwango vya umaskini. Kwa sababu hiyo, katika sehemu kubwa ya mgao, Embakasi na Lamu Mashariki zilipokea kiasi kile kile cha fedha. Kilichotosha kujenga darasa na kulipia karo katika visiwa vya Lamu kilitakiwa kitosheleze Dandora, Kayole, Umoja, Kariobangi Kusini, Njiru, Ruai, Mihango na Mukuru kwa pamoja.

Hapo ndipo ukosefu wa usawa ulipoonekana kwa macho. Mzazi wa Kayole aliyeomba msaada wa karo alishindania mfuko mmoja na wazazi wa mitaa kumi mingine. Ni kweli kuwa Nairobi ilikuwa na barabara, hospitali na kazi ambazo Lamu haikuwa nazo, na watetezi wa mgao wa sawasawa walilisema hilo kila mara. Walichosahau ni kwamba mkazi wa Mukuru kwa Reuben haishi katika wastani wa Nairobi.

Kufikia uchaguzi wa Desemba 27, 2007, Embakasi ilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa takriban robo milioni, idadi kubwa kuliko ya eneo bunge lingine lolote nchini. Aliyeshinda alikuwa Melitus Mugabe Were wa ODM, aliyekuwa diwani na aliyejulikana sana Dandora. Aliapishwa bunge lilipofunguliwa Januari 15, 2008, siku ambayo Kenneth Marende alichaguliwa kuwa Spika, huku nchi ikiendelea kuungua kwa ghasia zilizofuata matokeo ya urais.

Wiki mbili baadaye, usiku wa kuamkia Januari 29, Bw Were alipigwa risasi na kuuawa nje ya nyumba yake katika mtaa wa Woodley, Nairobi. Chama chake kilisema hayo yalikuwa mauaji ya kisiasa. Ghasia zilizuka upya jijini, na polisi wakarusha vitoa machozi hata nyumbani kwake walikokusanyika waombolezaji. Mnamo Januari 31, mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, naye aliuawa mjini Eldoret. Embakasi, iliyokuwa imengoja miaka mitano kumchagua msemaji, ilikuwa naye bungeni kwa siku kumi na nne.

Uchaguzi mdogo ulifanyika Juni 11, 2008, na Ferdinand Waititu wa PNU akatwaa kiti hicho. Yeye pia alikuwa ametoka katika udiwani, akiwakilisha Njiru, na amewahi kuwa naibu meya wa Nairobi. Ndiye aliyekuwa mbunge wa mwisho wa Embakasi.

Ripoti ya Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, ilitaja tofauti kubwa za ukubwa wa maeneo bunge kuwa mojawapo ya kasoro za mfumo wa uchaguzi wa Kenya. Tume ya Uchaguzi ya Samuel Kivuitu ilivunjwa. Ni jambo la kutafakarisha kwamba Bw Kivuitu mwenyewe aliwahi kuwa mbunge wa Parklands, Nairobi, na hivyo alizijua hesabu za jiji kutoka ndani. Tume yake haikuwa na uwezo wa kuongeza viti kupita 210, kwani idadi hiyo iliwekwa na katiba na ilikuwa tayari imejaa.

Kazi ya kuchora mipaka upya ilipewa mwaka wa 2009 tume ya muda iliyoongozwa na Andrew Ligale, mbunge wa zamani wa Vihiga. Katiba mpya iliyoidhinishwa Agosti 2010 iliweka idadi ya maeneo bunge kuwa 290. Kifungu cha 89 kiliagiza kila eneo likaribie wastani wa kitaifa, ambao kwa sensa ya 2009 ulikuwa watu 133,138. Miji mikuu na maeneo yenye watu wachache yaliruhusiwa kupungua au kuzidi wastani huo kwa asilimia 40, na mengine kwa asilimia 30. Aidha, masharti ya mpito yalilinda maeneo yote yaliyokuwapo, hivi kwamba hata yale madogo mno hayakuweza kufutwa katika zoezi la kwanza.

Ripoti ya Ligale ya Novemba 2010 ilizua mvutano mkubwa bungeni na mahakamani, na kazi ikamaliziwa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, iliyotangaza mipaka mipya Machi 2012. Kesi zaidi ya 130 ziliwasilishwa, na Mahakama Kuu ikatoa uamuzi wake Julai mwaka huo. Nairobi ilipanda kutoka viti 8 hadi 17.

Embakasi ya kale iligawanywa hivi: Embakasi Kaskazini ilipata wadi nne za Dandora pamoja na Kariobangi Kaskazini, iliyotolewa Kasarani. Embakasi Magharibi ikachukua Umoja, Mowlem na Kariobangi Kusini. Embakasi ya Kati ikawa Kayole, Komarock na Matopeni. Embakasi Kusini ikapewa Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben, Pipeline, Kware na Imara Daima. Embakasi Mashariki ikabaki na Embakasi yenyewe, Utawala, Mihango na Savannah. Ruai na Njiru, zilizokuwa karibu nusu ya ardhi ya eneo hilo la zamani, zilihamishiwa Kasarani.

Kwa wastani wa kitaifa, watu 925,775 walistahili viti vinavyokaribia saba. Walipata vitano na sehemu ya kimoja.

Uchaguzi wa 2013 ulifichua jambo lililokuwa limefunikwa muda mrefu. Chama cha TNA kilishinda Embakasi Kaskazini kupitia James Gakuya, Embakasi ya Kati kupitia John Ndirangu na Embakasi Magharibi kupitia George Theuri. ODM kilichukua Embakasi Kusini kupitia Irshad Sumra na Embakasi Mashariki kupitia John Ogutu Omondi. Kwa miongo minne kila uchaguzi ulimpa mshindi mmoja eneo zima na kuwaacha wengine bila sauti. Mipaka mipya ilionyesha kwamba Embakasi haikuwa na msimamo mmoja, na huenda haikuwahi kuwa nao.

Majina ya zamani hayakupotea kabisa. Mwaka wa 2022, kiti cha Embakasi Magharibi kilishindwa na Mark Mwenje, mwanawe David Mwenje. Mapambano ya mahakamani nayo yaliendelea: ushindi wa Babu Owino wa 2017 katika Embakasi Mashariki ulibatilishwa na Mahakama Kuu kisha ukarejeshwa na Mahakama ya Rufaa, na Embakasi Kusini ilirudia uchaguzi Aprili 2019 baada ya Mahakama ya Juu kufuta ushindi wa Julius Mawathe, ambaye alishinda tena.

Mji nao haukungoja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini Nairobi na 47,564,296 nchini kote. Kwa maeneo bunge 290, wastani wa kitaifa ulipanda hadi watu 164,015. Eneo bunge la Nairobi lilikuwa, kwa wastani, na watu 258,651, sawa na takriban asilimia 58 juu ya wastani huo, hali kikomo cha katiba ni asilimia 40. Katiba inataka mipaka itazamwe upya kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili, na makataa hayo yalipita Machi 2024 huku IEBC ikiwa haina makamishna. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025, na mipaka ya 2012 ingali ndiyo inayotumika.